Ghala la Data kwa Biashara Yenye Matawi: Mwongozo wa Kuanzia

Mkurugenzi akiuliza mauzo ya mwezi uliopita yalikuwa kiasi gani, mhasibu humpa jibu moja, meneja mauzo la pili, na msimamizi wa stoo la tatu. Usikimbilie kusema kuna mwizi. Mhasibu amehesabu fedha zilizoingia benki, meneja mauzo amehesabu ankara zilizotolewa, na mtu wa stoo amehesabu mzigo uliotoka getini. Ankara ya tarehe 30 inaweza kulipwa tarehe 12 ya mwezi unaofuata, na mzigo wake ukachukuliwa tarehe 15. Kila mmoja yuko sahihi kwa kipimo chake, na biashara bado haina jibu.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetazamiwa kumaliza ubishi huo: ofisa TEHAMA wa kampuni ya kati, mhasibu aliyejifunza SQL mwenyewe, au mtengeneza programu aliyekabidhiwa ripoti za kampuni nzima. Nitatumia mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye matawi manne: Kariakoo, Mbagala, Morogoro na Dodoma. Duka la namna hiyo hukutana na karibu kila tatizo la data linaloweza kumpata mfanyabiashara, na kinacholifaa kitaifaa pia SACCOS, famasi au kampuni ya mabasi.

Kazi ya kwanza haihitaji kompyuta. Waketishe hao watatu meza moja, muandike kwenye karatasi moja maana ya mauzo, kila mmoja atie sahihi. Huenda mkakubaliana kwamba ziko namba tatu zenye majina matatu: ankara zilizotolewa, fedha zilizopokelewa, mzigo uliotoka. Ni sawa kabisa, mradi kila ripoti itaje imebeba ipi. Andikeni pia mzigo uliorudishwa unapunguzwa siku uliporudi au siku ulipouzwa, na punguzo la bei linaingia wapi. Ghala la data, yaani kanzidata iliyotengwa kwa ajili ya ripoti, likijengwa kabla ya makubaliano hayo litatoa michoro yenye rangi za kupendeza, na ubishi utabaki palepale, safari hii ukiwa na gharama ya seva juu yake.

Kanzidata ya kaunta na kanzidata ya maswali

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ziwekwe katika majedwali, na mtumiaji aulize anachotaka bila kulazimika kujua kimehifadhiwaje kwenye diski. Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuulizia, na lugha hiyo ndiyo iliyokua ikawa SQL. Oracle, SQL Server, MySQL na PostgreSQL zote zimesimama juu ya wazo hilo, na mtu aliyeijua SQL vizuri miaka ya tisini bado anakula kwa ujuzi huohuo leo. Ukiwa na muda wa kujifunza kitu kimoja tu mwaka huu, jifunze SQL kwa kina kabla ya zana yoyote ya kuchorea grafu.

Kanzidata ya kaunta ina jukumu moja kubwa, nalo ni kulinda muamala. Keshia akiuza mifuko 20 ya saruji kwa mkopo, stoo inapungua 20, deni la mteja linaongezeka, risiti inaandikwa. Yote matatu yafanyike, au lisifanyike hata moja. Umeme ukikatika katikati, pasibaki nusu ya kazi. Kwa sababu hiyo data za kaunta hugawanywa katika majedwali mengi madogo, ili kila jambo liandikwe mahali pamoja na kurekebishwa mahali pamoja.

Sasa mtu wa ofisini anauliza: katika miaka mitatu iliyopita, ni bidhaa zipi hutoka kwa wingi Dodoma wiki chache kabla ya mvua za Desemba? Kulijibu swali hilo kunahitaji kupitia mamilioni ya mistari na kuunganisha majedwali kadhaa. Likiendeshwa saa tano asubuhi kwenye kanzidata ileile ya kaunta, keshia wa Kariakoo anakaa akitazama skrini iliyoganda huku foleni ikirefuka. Kuna tatizo jingine kubwa zaidi: kanzidata ya kaunta hukumbuka hali ya sasa. Bei ya mwaka juzi imefutwa na kuandikwa mpya, na mteja aliyehamia Morogoro anaonekana kana kwamba amekuwa wa Morogoro tangu siku ya kwanza.

Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM walieleza mwaka 1988 wazo la kutenga ghala la data za biashara, mbali na mifumo ya kazi za kila siku. Bill Inmon akatoa kitabu chake cha kujenga ghala hilo mwaka 1992, na Ralph Kimball akafuata na chake mwaka 1996. Wakuu hawa wawili walitofautiana. Inmon anataka ghala la kampuni nzima lipangwe kwanza, kisha idara zichote humo. Kimball anaanza na shughuli moja, tuseme mauzo, akihakikisha kwamba orodha za tarehe, bidhaa na matawi ni zilezile zitakazotumiwa na shughuli ya pili na ya tatu. Kwa biashara ya matawi manne yenye mtu mmoja au wawili wa TEHAMA, mfuate Kimball. Njia ya Inmon ni nzuri kwa benki yenye timu. Kwako, mkurugenzi atachoka kulipa kabla hajaona ripoti hata moja.

Pima ukubwa kabla ya kununua

Piga hesabu. Matawi manne, kila moja risiti 300 kwa siku, kila risiti wastani wa bidhaa 5, siku 300 za kazi kwa mwaka. Hiyo ni mistari 6,000 kwa siku na 1,800,000 kwa mwaka. Ukiupa kila mstari baiti 200, mwaka mzima ni megabaiti 360, na miaka kumi ni gigabaiti 3.6. Data zote za muongo mmoja zinaingia kwenye flashi ya mfukoni. PostgreSQL, ambayo haina ada ya leseni, kwenye mashine ya kawaida yenye diski ya SSD na RAM ya gigabaiti 16, inaubeba mzigo huo bila kuhema. Anayekuja kukuuzia mfumo wa data kubwa, mwonyeshe hesabu hiyo kwanza.

Kwa hesabu hiyohiyo, Excel haitoshi. Karatasi moja ya Excel ya sasa haizidi mistari 1,048,576, kwa hiyo itajaa siku ya 175 ya kazi. Toleo la kale la faili za Excel liliishia mistari 65,536, na mwezi Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikuwa wameachwa nje ya takwimu za taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu faili za aina hiyo zilikuwa zimejaa na mistari iliyozidi ikakatwa kimya kimya. Excel ibaki kuwa mahali pa kusomea majibu. Isiwe mahali pa kuhifadhia kumbukumbu.

Siku data zako zikikua kweli, elewa tofauti moja ya kiufundi. PostgreSQL na MySQL huhifadhi data mstari kwa mstari, jambo linaloifaa kaunta kwa kuwa risiti moja inasomwa yote. Kanzidata za uchambuzi huhifadhi safu kwa safu: kiasi chote pamoja, tarehe zote pamoja. Ukitaka jumla ya mauzo, zinasoma safu mbili tatu na kuziacha nyingine thelathini. BigQuery ya Google, Redshift ya Amazon na Snowflake ziko hivyo, na pia DuckDB iliyozaliwa kwenye taasisi ya CWI mjini Amsterdam, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kompyuta yako ya mkononi. Kumbuka tu kwamba katika malipo yake ya kawaida BigQuery hutoza kwa kiasi cha data inachosoma, kwa hiyo swali la kizembe linaloomba safu zote lina bei yake.

Mstari mmoja unasimamia nini?

Hapa ndipo ghala linapofaulu au kuharibika, na ndipo nakuomba utulie. Kabla ya kuunda jedwali la mauzo, andika sentensi moja inayosema mstari mmoja unasimamia kitu gani. Ningeandika: mstari mmoja ni bidhaa moja katika risiti moja. Ukichagua risiti nzima iwe mstari, hutaweza kamwe kujua ni bidhaa ipi iliyotoka. Ukichagua jumla ya siku, umepoteza mteja na saa. Chini kabisa ndiko kwenye usalama, kwa maana ukiwa na punje unaweza kujumlisha upendavyo, lakini jumla haiwezi kugawanywa tena.

Katika jedwali hilo la matukio weka vipimo: idadi, kiasi kabla ya kodi, kodi, punguzo, gharama ya bidhaa siku hiyo. Pembeni yake weka majedwali ya maelezo: tarehe, tawi, bidhaa, mteja, njia ya malipo. Ukiyachora, jedwali la matukio liko katikati na mengine yamelizunguka, ndiyo maana wataalamu huuita mpangilio huo nyota. Uzuri wake ni kwamba mhasibu asiye mtu wa kompyuta anaweza kuuelewa kwenye ubao mweupe.

Vipimo vya bidhaa vitakusumbua kuliko unavyodhani. Nondo ya milimita 12 tawi moja huuza kwa vipande, jingine kwa tani. Misumari ni kilo au katoni. Rangi ni galoni ya lita 4 au ndoo ya lita 20. Ukijumlisha safu ya idadi bila kubadili vipimo, utapata namba isiyo na maana yoyote, na hakuna atakayegundua kwa sababu inaonekana kama namba nyingine zote. Hifadhi idadi kama ilivyouzwa, na kando yake hifadhi idadi katika kipimo kimoja cha msingi, pamoja na kiwango cha kubadilishia kilichotumika.

Mabadiliko ya maelezo nayo yana utaratibu wake. Mteja akihama kutoka Mbagala kwenda Morogoro, usifute Mbagala. Funga mstari wake wa zamani kwa tarehe ya mwisho, ufungue mpya wenye tarehe ya kuanza. Mauzo ya zamani yataendelea kuelekea mstari wa zamani, na ripoti ya mwaka juzi ikichapishwa leo itatoa namba zilezile za mwaka juzi. Fanya hivyo kwa mambo yanayobadilisha uchambuzi, kama vile eneo, daraja la mteja na kundi la bidhaa. Jina lililokosewa herufi lisahihishe tu, halihitaji historia.

Kodi ni mfano mzuri wa kwa nini historia iandikwe kwenye mstari wenyewe. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Ripoti inayokokotoa kodi ya mwaka 2020 kwa kiwango cha leo ni ripoti ya uongo. Tanzania nayo ilitoka asilimia 20 kwenda 18 mwaka 2009. Hifadhi kiwango na kiasi cha kodi katika kila mstari kama vilivyokuwa kwenye risiti, usivikokotoe upya. Na ukilazimika kuitoa kodi ndani ya bei, kumbuka kwamba shilingi 118,000 yenye VAT ya asilimia 18 hugawanywa kwa 1.18 na kubaki 100,000. Anayeikata asilimia 18 kutoka juu hupata 96,760, na amejipunja shilingi 3,240 katika kila risiti ya namna hiyo.

Uchafu wa data zetu

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya data za Marekani na Ulaya. Haya ni yale utakayokutana nayo hapa.

Namba za simu. Tawi moja huandika kwa kuanza na 0, jingine na 255, la tatu na alama ya kujumlisha, na Excel inaimeza sifuri ya mbele bila kuuliza. Chagua umbo moja, la kimataifa lenye 255, 254 au 256 mbele, na ulihifadhi kama maandishi, usilihifadhi kama namba ya hesabu. Usiifanye simu kuwa ufunguo mkuu wa mteja. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huishia kuuzwa kwa mtu mwingine, na deni la Juma likahamia kwa Neema. TIN ya Tanzania ina tarakimu tisa, mara zikiwa na vistari mara bila. Ondoa vistari, hakikisha ni tisa, kisha ihifadhi.

Majina. Mohamed, Mohammed na Muhammad anaweza kuwa mtu mmoja au watu watatu. Juma Hamisi na Hamisi Juma pia. Usiunganishe wateja kwa jina peke yake hata siku moja. Tafuta kithibitisho cha pili. Angalia vilevile jina la mtaa kama Ng'ambo, ambalo ritifaa yake ni alama moja likichapwa kwenye kompyuta na alama nyingine likichapwa kwenye simu, ukapata mitaa miwili pale palipo mmoja.

Muda unahitaji uangalifu wa pekee. Seva nyingi huhifadhi saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Malipo ya simu ya saa nane usiku tarehe 1 Machi yanaandikwa kwenye seva kuwa saa 23:00 ya Februari 28. Ukijumlisha kwa tarehe ya seva, fedha za Machi zimeingia Februari, na marejesho ya kodi hayatalingana na ripoti. Hifadhi kwa UTC, lakini tengeneza safu ya tarehe ya biashara iliyokokotolewa kwa saa za Afrika Mashariki, na ripoti zote zitumie safu hiyo. Pale ambapo karani bado anaandika daftarini kisha anaingiza jioni, "saa 2" yake ni saa mbili asubuhi na kompyuta inaisoma saa nane usiku. Weka kwenye fomu kitufe cha kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku. Usimlazimishe karani abadili namna anavyosoma saa. Programu ndiyo ibadilike. Tarehe kama 03/04/2024 ni Aprili 3 kwetu na Machi 4 kwa programu iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani. Katika kila faili linalosafiri kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine andika 2024-04-03, mwaka mbele.

Fedha zihifadhiwe katika aina ya desimali kamili. Aina ya namba zinazoelea haiwezi kuandika 0.1 kwa usahihi, na senti zinazopotea hapo hujikusanya hadi mhasibu akakosa usingizi. Weka pia safu ya sarafu hata kama leo unauza kwa shilingi tu.

Jambo la mwisho la sehemu hii ni orodha kuu. Kila tawi na kila bidhaa iwe na msimbo mmoja usiobadilika, unaotolewa na mtu mmoja. Kenya ilipopeleka mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 mtandaoni nchi nzima mwaka 2011, takwimu zilitoka katika maelfu ya vituo, na ili taarifa za kituo zisichanganyike na za kingine, kila kituo kina msimbo wake katika orodha kuu ya taifa ya vituo vya afya. Duka lako ni dogo kuliko wizara, lakini haja ni ileile. Msimbo usibebe maana ndani yake, kama herufi za mji au aina, maana tawi linaweza kuhama na bidhaa ikabadilishwa kundi.

Kuchota, kusafisha, kupakia

Gawa ghala katika sehemu tatu. Ya kwanza hupokea data kama zilivyo, zikiwa na uchafu wake, na hakuna anayeruhusiwa kuzihariri. Ya pili ni ya kusafishia. Ya tatu ndiyo nyota inayosomwa na ripoti. Ukigundua miezi mitatu baadaye kwamba kanuni ya kusafisha simu ilikuwa na kosa, utarudi kwenye sehemu ya kwanza na kusafisha upya. Asiyetunza data ghafi hana pa kurudi.

Kazi ya kupakia iandikwe kwa namna ambayo ikiendeshwa mara mbili matokeo yanabaki yaleyale. Umeme utakatika, mtandao utaanguka, na kijana wa zamu atabonyeza tena. Njia rahisi ni kufuta mistari ya siku husika na kuipakia yote upya ndani ya muamala mmoja. Pakia upya siku saba za nyuma kila usiku, usiishie jana peke yake, kwa sababu tawi la Dodoma likikosa mtandao Jumatatu litatuma Alhamisi, na risiti zake zitakuwa na tarehe ya Jumatatu.

Kisha thibitisha. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua ripoti, programu ilinganishe idadi ya mistari na jumla ya fedha kati ya kaunta na ghala, tawi kwa tawi. Tanzania tuna kipimo cha ziada kilicho tayari: ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, inayotolewa na mashine ya risiti ya EFD kila siku. Ingiza jumla yake. Tofauti ikizidi kiwango mlichokubaliana, ripoti zifungwe na ujumbe uende kwa mhasibu. Ripoti iliyochelewa hukera, lakini ripoti yenye makosa ikitumika kuagiza kontena la mabati hugharimu fedha halisi.

Intaneti, malipo ya simu na mkongo wa baharini

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya fedha za duka hupitia kwenye simu. Mteja akilipa kwa lipa namba iliyounganishwa na mfumo wako, seva ya kampuni ya simu hutuma ujumbe kwenye seva yako. Jiandae ujumbe huo kuja mara mbili. Seva yako ikichelewa kujibu, upande wa pili unaweza kudhani haukufika na kuutuma tena. Fanya namba ya muamala kuwa ya pekee kwenye jedwali la malipo, ili kanzidata yenyewe ikatae marudio. Pokea, hifadhi ujumbe kama ulivyo, jibu haraka, kisha uchakate baadaye. Na kila siku chukua taarifa kamili ya miamala kutoka kwa mtoa huduma, uilinganishe na jumbe ulizopokea; zipo zitakazokuwa hazikufika kabisa.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na kwa majirani. Biashara ambayo kaunta yake ilikuwa kwenye seva ya ng'ambo ilibaki kuandika kwa kalamu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kaunta iwe na kanzidata yake ndani ya tawi, iweze kuuza bila intaneti, na itume data mtandao ukirudi. Ghala la uchambuzi linaweza kukaa kwenye wingu, maana ripoti inaweza kusubiri siku mbili lakini mteja hawezi. Microsoft, Amazon na Google zote zina vituo vya data Afrika Kusini, lakini angalia data zako zinapita mkongo upi kufika huko kabla ya kuamini kwamba ukaribu wa ramani ni ukaribu wa mtandao.

Usalama usiuahirishe. Kanzidata haipaswi kuonekana kwenye intaneti ya wazi: mlango wa 5432 wa PostgreSQL na 3306 wa MySQL ufungwe, na matawi yaingie kwa VPN. Mjaribu mtengeneza programu wako kwa kuingiza neno Ng'ambo kwenye sehemu ya anwani. Programu ikitoa kosa la SQL, maana yake inabandika maandishi ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri, na mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri yake mwenyewe hapohapo ikatekelezwa. Dai maswali yaandaliwe kwanza na thamani zipelekwe kando. Programu ya ripoti nayo ipewe akaunti ya kusoma tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Zote zinagusa ghala lako: usajili wa anayekusanya taarifa, sababu ya kuzikusanya, na masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Soma sheria yenyewe pamoja na mwanasheria. Kwa upande wa ufundi, mchambuzi wa mauzo hahitaji jina wala simu ya mteja. Mpe namba ya ndani ya mteja, eneo na daraja. Namba ya NIDA isiingie kabisa kwenye sehemu inayosomwa na ripoti. Taarifa ambayo hukuikusanya haiwezi kuibwa kwako.

Nakala za akiba

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka kwenye seva isiyokuwa yenyewe, na karibu gigabaiti 300 za kanzidata kuu ya PostgreSQL zikatoweka. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili data, na ilipozigeukia hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimya kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, wakapoteza data za saa hizo sita. Wakaeleza yote hadharani, jambo la kuheshimiwa sana.

Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Nakala iliyo kwenye diski ya seva ileile huungua pamoja na seva. Tawi la Morogoro linaweza kutunza nakala ya Kariakoo iliyofungwa kwa nywila, bila gharama ya ziada. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa ipo. Panga siku moja mwezi huu, chukua kompyuta ambayo haina chochote, rejesha ghala zima kutoka kwenye nakala, na uandike imechukua saa ngapi. Fanya hivyo kabla ya kuongeza ripoti nyingine yoyote, na mpelekee mkurugenzi hiyo idadi ya saa, kwa sababu huo ndio muda ambao biashara yake itakaa bila majibu siku seva itakapokufa.